Usiuze sarafu za babu kwa lundo

Tangu nilipogusia kwamba nimeuza sarafu za marehemu babu, meseji haziishi. Wengi mnauliza kitu kimoja, nina rupia ya Mjerumani, ile sarafu ya enzi za ukoloni wake, ni milioni ngapi? Jamani. Kuna kaka kaniuliza kama yangu ilikuwa inavuta mchele! Haivuti mchele, haina zebaki, haina jini. Mtu akikwambia ananunua rupia inayovuta mchele halafu anaomba kwanza hela ya kipimo, mblock ulale zako.

Haya, mimi nilivyofanya.

Babu alikuwa karani wa reli Tanga, mtu wa kuandika kila kitu. Alipofariki watu waligombania kiwanja, wakagombania mpaka cherehani ya bibi, ila mkebe wa biskuti wenye sarafu hakuna aliyeugusa. Baba mdogo akasema mbele ya kikao, "hayo makopo mpeni msomi wetu", watu wakacheka. Nikachukua. Ndani kulikuwa na sarafu zimefungwa kwenye vitambaa, na daftari la shule ambalo babu kaorodhesha moja moja, mwaka na alikoipata. Sasa kwenye daftari kuna mstari unasema "rupia mbili, 1894" na kwenye mkebe haimo. Nikaja kuambiwa kwamba baba mdogo aliichukua babu akiwa bado hai akampelekea sonara, sonara akaipima kama madini ya fedha tu, ikayeyushwa ikatoka kikuku cha harusi ya binti yake. Mjerumani alitengeneza sarafu ya rupia mbili 1893 na 1894 basi, na wakusanyaji wanaitafuta kwa tochi. Ndoa yenyewe haikufika mbali, lakini hayo sio ya hapa.

Kwa hiyo nikaapa kwamba zilizobaki haziendi kwa mizani ya mtu mwingine. Nikanunua kamizani kadogo ka kidijitali kama ka masonara, nikatandika kanga kitandani, nikaanza kuzipanga huku natafuta picha zake Numista, tovuti ya wakusanyaji wa sarafu, bure kabisa, bando lako tu. Shangazi akaja na ndimu na majivu kwenye karai anataka kunisaidia kuzing'arisha, nikamuwahi mlangoni! Msisugue. Sarafu ikishasuguliwa mnunuzi anaona mikwaruzo hapohapo, na ule weusi weusi mnaouona uchafu ndio anaoutaka. Nasema tena, msisugue.

Bei nazo, msiangalie bei watu wanazoomba mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuandika milioni kumi pembeni ya senti yenye tundu, angalieni zilizokwisha kuuzwa zimeuzwa kiasi gani.

Duka nililouzia lipo Mji Mkongwe, Zanzibar, kwenye yale maduka yenye saa za ukutani, birika za shaba na makufuli, na mzee mwenyewe mpole kweli. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za Tanga, kahawa ikaja. Halafu akavuta trei akasema haya mwaga. Nikamwambia mzee wangu, hatumwagi, tunatoa moja moja. Akacheka. "Mwanangu, nakupa laki na nusu kwa zote, tusichoshane na jua hili."

Hapo ndipo wengi mnapoumia. Lundo likishamwagwa linapewa bei ya vile vilivyo hafifu, na zile mbili tatu nzuri zinaondoka bure.

Nikaanza na za hovyo makusudi. Pesa za shaba za Sultani Barghash wa Zanzibar, zenye picha ya mizani, mwaka 1299 wa Hijria yaani 1882, akasema hizi ninazo ndoo nzima, nikasema najua, weka bei ya ndoo. Akaniangalia. Nikatoa senti kumi yenye tundu ya 1936, ina jina la Edward wa Nane, yule mfalme wa Uingereza aliyeacha kiti hata mwaka haujaisha. Watu wengi wanaiona almasi kwa sababu hiyo, kumbe zilitengenezwa nyingi mno, na mimi sikumbishia hata kidogo. Ukikubali ukweli kwenye za bei ya chini, ukifika kwenye za maana anakusikiliza.

Shilingi zenye simba, za enzi za Mwingereza, yeye alizichanganya, mimi nikazitenga. Za 1921 mpaka 1946 zina robo ya madini ya fedha, za 1948 na kuendelea hazina kitu. Mafungu mawili, bei mbili. Kisha rupia za Kaisari wa Ujerumani, yule mwenye kofia ya tai kichwani, kila moja gramu kumi na moja na ushee na karibu yote ni fedha tupu. Akataka kuzipiga bei ya uzito. Nikasema zilizosagika sawa, lakini hizi ambazo manyoya ya tai yanahesabika hatuuzi kwa kilo. Tukabishana hapo mpaka kahawa ikapoa, akaagiza nyingine!

Kuna riale moja ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya Austria, ilinikosesha raha. Mwaka ulioandikwa ni 1780, lakini zote zimeandikwa hivyohivyo hata zilizotengenezwa karne iliyofuata na nyingine baadaye, kwa hiyo mwaka haukusaidii. Mzee akaiangusha mezani ikalia kama kifuniko cha sufuria. Feki. Angeweza kunyamaza akaitoa kwenye hesabu kimyakimya, lakini alinionyesha, akaangusha na ya kwake nisikie tofauti, na kwa hilo namheshimu.

Mwisho nikatoa sarafu ya hela ishirini ya Tabora (hela ilikuwa senti ya rupia ya Mjerumani), 1916, ile yenye herufi T, Wajerumani waliyoipiga kwenye karakana ya reli wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia meli zao haziwezi kufika, kwa shaba ya maganda ya mizinga. Babu wa reli aliipenda hiyo kuliko zote. Sio adimu kihivyo, ila watalii wa Kijerumani wanaiulizia, na mzee aliishika muda mrefu mno kwa mtu anayejifanya hana haja nayo.

Nikatoka na laki sita na kitu. Laki na nusu, laki sita, mkebe uleule, mzee yuleyule.

Najua mtasema kwa mtalii ningepata zaidi. Labda. Ila yeye analipa kodi ya duka, anakaa na mali miaka, lazima ale na yeye, sio mwizi kwa sababu ana faida. Vijana mnataka bei ya mnada wa Ulaya na hata kujua sarafu yenu ni ya mwaka gani hamtaki, mnatuma picha yenye ukungu "dada hii bei gani". Kaa chini usome. Panga, pima, tenga. Na usimwage.

Na risiti mchukue, hata ya kuandika kwa mkono, kila sarafu na bei yake. Baba mdogo alipiga simu jioni ileile kuulizia fungu lake, nikaipiga picha risiti nikamtumia, pamoja na ule mstari wa daftari.