Tairi za Land Cruiser pikapu kwenye tope la mfinyanzi mweusi

Mkuu, umeuliza tairi gani ufunge kwa ajili ya tope: kama sasa Land Cruiser yako inavaa saizi ya 7.50R16, weka 235/85R16, achana na 265/75R16. Kipenyo cha zote mbili ni kama milimita 805, karibu sawa na cha 7.50R16, kwa hiyo spidi mita haitadanganya, ila ile nyembamba ya 235 (upana wa milimita 235) inakata tope mpaka ikanyage ardhi ngumu. Kashata, yaani yale meno ya tairi, ziwe kubwa na zimeachana. Zikibanana, mfinyanzi unajaa katikati, na likizunguka kidogo tu tairi linakuwa kama kipara. Nimeliona hilo masika, gari tupu kabisa ikishindwa kutoka. Ukiwa unatembea zaidi lami, chukua zenye kashata za wastani. Hizi kubwa zina kelele na zinateleza lami ikilowa. Pima rimu kwanza: 235 inataka upana kuanzia inchi 6.