Re: Kwani chipsi na soda ni dhambi?

Dada, umeuliza kama Yesu alisema kinachoingia kinywani hakimtii mtu unajisi, sasa kwa nini mchungaji wenu anahubiri mambo ya soda. Soma Mathayo 15 yote, pale alikuwa anawajibu Mafarisayo habari ya kula bila kunawa mikono, hakuwa anaongelea sukari kabisa. Kwa hiyo mi siwezi kusema soda ni dhambi, ila mwili ni hekalu na hekalu linatunzwa (1 Kor 6:19), na soda moja ya kola ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vya chai 8 hivi, hebu vipime kwenye kikombe uone!! Mama yangu ana kisukari, tulikuwa tunaombea chakula halafu tunampa wali mlima na juisi ya paketi, inaniuma hadi leo. Sasa hivi sahani yake nusu nzima ni mchicha au matembele, dagaa, na ugali kidogo tu wa dona. Danieli naye aliomba mtama na maji siku 10 tu wakaona tofauti usoni, jaribu na wewe hizo 10 uanze kwa kuacha soda.