Muuzaji Akikuambia "Kitaachia", Rudisha Kiatu

Miaka minne iliyopita, nikiwa nimetimiza miaka 52, niliingia katika duka moja la viatu Kariakoo kutafuta viatu vya kuvaa kwenye sendoff ya binti wa kaka yangu. Nilichagua vyeusi, vyenye ncha kali na kisigino chembamba cha urefu wa vidole vinne, na nilipovijaribu vilinibana kuanzia vidoleni hadi ubavuni mwa mguu. Kijana muuzaji akaniangalia kwa huruma ya kibiashara, akasema, "Kitaachia tu, mama. Ukivaa siku mbili tatu kinakuwa chako." Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Usiku ule, wakati MC alipowaita mashangazi wasogee mbele kwa madaha kupeleka zawadi, mimi nilikuwa nikivisukuma viatu chini ya meza kwa vidole vilivyokufa ganzi, na nilikwenda mbele ya ukumbi nikicheza peku, nikiomba gauni liwe refu kiasi cha kunisitiri.

Tangu hapo nimenunua viatu vya dukani, vya mtumba na vya kushonwa na fundi, na nimefikia msimamo mmoja ambao siuachi: kiatu kisichokukaa vizuri ungali umesimama kwenye zulia la dukani hakitakukaa vizuri popote. Ngozi halisi iliyo laini hutanuka kidogo kwa upana kadiri inavyovaliwa, lakini haiongezeki urefu. Na vingi tunavyouziwa siku hizi ni vya reksini au plastiki, ambayo hukunjamana na kuchanika kabla ya kutanuka. Kwa hiyo neno "kitaachia" maana yake ni kwamba kitakachoachia ni ngozi ya kisigino chako.

Mwanamke aliyevuka hamsini anapaswa kukubali kwanza kwamba namba aliyoizoea tangu ujanani huenda si namba yake tena. Mimi niliolewa nikivaa 38, na kwa miaka mingi niliitaja namba hiyo kama ninavyotaja tarehe yangu ya kuzaliwa, nikidhani kwamba kila kiatu kinachonibana kimetengenezwa vibaya. Kumbe mguu nao hubadilika. Kila mguu una mifupa 26 iliyoshikanishwa kwa kano, na kano hizo hulegea miaka inavyokwenda, hasa kwa sisi tuliobeba mimba kadhaa na kufanya kazi za kusimama. Uvungu wa unyayo hushuka, na mguu ukarefuka na kupanuka. Wakati huohuo, yale mafuta yaliyo chini ya kisigino na nyuma ya vidole, ambayo ndiyo godoro letu la kuzaliwa nalo, hupungua, na ndiyo maana sakafu ya saruji ambayo hukuihisi ukiwa na miaka thelathini sasa unaihisi hadi kiunoni. Nilifundisha sekondari kwa miaka 29, nikisimama vipindi vitano au sita kwa siku, na ushahidi wa maneno haya ninao miguuni. Leo navaa 40.

Kwa hiyo pima upya, na upime alasiri. Miguu huvimba mchana kutwa, na kwa joto la Dar es Salaam, baada ya kukaa kwenye daladala kutoka Tabata hadi mjini, mguu wa saa kumi si ule uliotoka nao kitandani. Zamani nilikuwa nikienda dukani asubuhi ili nikwepe msongamano, na kumbe nilikuwa nikimnunulia viatu mtu mwingine. Kabla ya kutoka nyumbani, simama juu ya karatasi, mwombe mtu achore mzunguko wa kila mguu kwa penseli iliyosimama wima, kisha ukate michoro hiyo kwa mkasi. Usijichoree mwenyewe, kwa sababu ukiinama uzito huhama na mguu hubadilika umbo. Ukifika dukani, geuza kiatu uweke karatasi juu ya soli. Karatasi ikichomoza pembeni, huna haja hata ya kuketi kukijaribu. Utagundua pia kwamba miguu yako si pacha kamili. Nunua kwa kufuata ule mkubwa, na ule mdogo uutilie kitambaa au soli nyembamba ya ndani. Ukishavaa, simama, na uhakikishe kwamba mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa baadhi yetu si kidole gumba, imebaki nafasi ya upana wa dole gumba la mkono.

Namba yenyewe ichukuliwe kama makisio. Namba za Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, za Uingereza hupanda kwa karibu milimita nane na nusu, na 6 ya Uingereza hukaribia 39 ya Ulaya. Lakini kila kiwanda kina kalibu zake, yaani maumbo ya kuundia viatu, na mara nyingi namba hueleza urefu peke yake ilhali sisi wengi tumeongezeka upana. Niliwahi kupewa 41 na muuzaji aliyedhani kuwa ananisaidia: upana ulinitosha, lakini kisigino kilikuwa kikichomoka kila hatua kama maji kwenye ndoo isiyo na kifuniko.

Kiatu kikiwa mkononi, kikunje. Kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia, mahali ambapo mguu wenyewe hukunjika. Kikikunjika katikati, hakitaushika uvungu wa unyayo. Kisokote kama unayekamua nguo, na kikisokoteka chote kirudishe. Bonyeza sehemu ya nyuma inayoshika kisigino, kwani ikiwa laini kama karatasi mguu utayumba ndani, na kuyumba kwa umri wetu ndiko kunakoleta kuanguka. Baada ya hapo tembea, tena utoke kwenye zulia, uende pale mlangoni penye vigae au saruji. Muuzaji mwema atakuruhusu.

Lipo jambo la soli ambalo wengi wetu hatukuambiwa, nami nililijifunza kwa aibu ya jirani yangu. Mwanawe anayeishi Ulaya alimletea viatu vizuri mno, vyepesi, vyenye soli nene na laini, na yeye kwa upendo akaviweka ndani ya boksi juu ya kabati akisubiri siku inayostahili. Vilikaa miaka saba. Siku ya kipaimara cha mjukuu wake akavitoa vikiwa bado vinang'aa, akavaa, na kutoka mlango wa kanisa hadi kwenye benchi letu akaacha nyuma yake njia ya makombo meusi kama ya mkate uliokauka. Ibada haijafika katikati, kiatu kimoja kilikuwa kimeachana na soli yake kabisa. Alidhani amerogwa, na mimi nilidhani mwanawe ameuziwa viatu bandia, hadi fundi wa mtaani kwetu alipotueleza kwamba ameona vingi vya namna hiyo. Soli nyingi za povu jepesi hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki, na unyevu wa hewa huivunjavunja taratibu hata kama kiatu hakijawahi kukanyaga chini. Pwani yetu ina joto na unyevu kwa pamoja, na vyote viwili huharakisha uharibifu huo. Kwa hiyo kiatu kizuri kivae. Usikiwekee akiba kama vyombo vya wageni, na ukiwa nacho cha zamani kabatini, kitoe leo uminye soli yake kwa ukucha kabla hakijakuumbua mbele ya watu.

Onyo hilohilo linahusu mtumba. Sidharau mtumba hata kidogo, kwani kiatu cha ngozi bora nilichonacho nilikipata soko la Karume kwa bei ya nauli, lakini kwa kiatu cha mtumba huwezi kujua kimekaa miaka mingapi ghalani au kabatini kwa mwenyewe. Minya soli, ikunje, tazama kama ina mipasuko midogomidogo kama ya udongo uliokauka. Kisha kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Ikiwa kisigino kimelika upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza alikuwa na mwendo wake, na mwendo huo utakuvuta goti. Fundi anaweza kubadilisha kipande cha kisigino, lakini umbo la ndani lililokwisha kuchongwa na unyayo wa mwingine halibadiliki.

Sasa nije kwenye urembo, maana kuna watu wanaoamini kwamba mwanamke wa hamsini amebakiwa na njia mbili tu, ateseke apendeze au astarehe afanane na mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka wodini. Siafiki. Kisigino kipana cha sentimita tatu au nne, kilichokaa chini ya unyayo imara kama mguu wa meza, hulipatia gauni mwendo wake, wala hakiusukumi uzito wote kwenye vidole kama kinavyofanya kisigino cha sentimita nane. Ncha ya duara au ya umbo la lozi huonekana nadhifu na huviachia vidole nafasi, jambo muhimu hasa kwa wale ambao kifundo cha kidole gumba kimeanza kuchomoza kwa nje. Na niseme waziwazi kwamba kiatu bapa kabisa chenye soli nyembamba kama chapati si dawa. Kwa mguu uliopoteza mafuta yake huumiza kuliko kisigino kifupi. Ndala zibaki bafuni. Viatu vya wazi nyuma ni vya kupokelea wageni barazani, kwa sababu ukivitembelea mwendo mrefu vidole hujikunja ili kuving'ang'ania, na jioni hukusimulia.

Kuhusu rangi, acha kununua nyeusi kila mara kwa woga. Mimi nina jozi moja ya rangi ya damu ya mzee, jina ambalo sasa linaniangukia vizuri, na inakubali vitenge vyangu karibu vyote. Kahawia iliyokaribia rangi ya ngozi yako hurefusha mguu ukivaa gauni linaloishia chini ya goti. Raba nyeupe safi chini ya gauni la kitenge lililoshonwa vizuri sasa si jambo la wasichana peke yao, sharti ziwe nyeupe kweli. Ukivaa baibui au dera, makubadhi ya ngozi yenye nakshi yanapendeza kuliko kiatu chochote cha kuagizwa, ila chagua yenye mkanda wa kuzunguka nyuma ya kisigino, na umwombe fundi abandike soli ya mpira chini, kwani ngozi tupu huteleza kwenye vigae.

Kumbuka pia desturi zetu. Sisi huvua viatu mlangoni mwa watu, na kiatu chenye kamba na vifungo vitano ambacho kijana hukivua akiwa amesimama kwa mguu mmoja, mimi hunilazimu kutafuta kiti, na kwenye nyumba ya msiba viti hutangulia kuisha. Siku hizi natafuta vyenye mpira wa kuvutika ubavuni au zipu, na ndani ya mkoba nina kijiko kidogo cha kuvalia viatu. Mabinti zangu hunicheka, kisha hukiazima.

Ikiwa dukani hukupata, mwendee fundi. Mpelekee ile michoro ya miguu, akupime pia mzunguko wa mguu pale palipo panene, na umwambie kabla hajakata ngozi kwamba unataka nafasi ya vidole, sponji nzito chini ya kisigino na soli isiyoteleza. Jozi yangu ya kwanza ya kushonwa ilinigharimu kama bei ya jozi mbili za Kariakoo, nikanung'unika wiki nzima, na huu ni mwaka wake wa tatu, imebadilishwa kisigino mara mbili tu.

Wenye kisukari wanahitaji uangalifu zaidi. Dada yangu mkubwa anaishi nacho, na siku moja alishinda sokoni na msumari mdogo wa kiatu ukimchoma unyayo pasipo kuuhisi, kwa kuwa ugonjwa huo huweza kuua hisia za miguu. Tulijua alipovua jioni tukaona damu. Kila asubuhi sasa hukung'uta viatu vyake na kuingiza mkono ndani kabla ya kuvaa, na kila usiku hutazama nyayo zake kwa kioo. Kwake viatu vya wazi mbele vimekoma. Na wewe usiye na kisukari, ukiamka na hatua za kwanza zikakuchoma kisigino kama mwiba, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki kadhaa, mwone daktari kabla ya kununua jozi nyingine, maana kiatu kizuri husaidia lakini hakitibu kila kitu.

Vile viatu vyeusi vya sendoff nilivihifadhi kwa ubishi, kisha mwezi uliopita nikampa binti yangu wa mwisho, ambaye ana miaka 24 na anavaa 38 yangu ya zamani. Alivifurahia sana, akaenda navyo kwenye harusi ya rafiki yake Mbezi. Alirudi saa nane usiku, nikasikia geti likifunguliwa lakini sikusikia mlio wa visigino kwenye saruji. Nilipochungulia dirishani, alikuwa amevishika mkononi.