Chumba cha uani

Uyole, Mbeya
Septemba 2024

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na miwani. Umeandika: "Shikamoo Mama. Nikija Krismasi na watoto, yule mtu aliyetoka jela atakuwa bado analala chumba cha uani?" Nimeona nisikujibu kwa simu. Kwenye simu ungeisikia sauti yangu ikipanda, halafu tungeanza kuulizana habari za mahindi ili tusigombane.

Jibu ni kwamba huenda atakuwepo. Na kama si yeye, huenda atakuwepo mwingine. Sasa tulia nikueleze, maana najua swali lako limetoka wapi.

Usiku ule wa 2004 walipong'oa dirisha la sebuleni, wewe ulikuwa na miaka 9. Ulimvuta mdogo wako uvunguni mwa kitanda ukamziba mdomo kwa kiganja. Walibeba redio, cherehani yangu, na hata sufuria ya ubwabwa ikiwa na ubwabwa wake. Mmoja alikamatwa kabla hakujapambazuka. Nilisikia alivyokuwa anapigwa, na sikutoka kusema basi. Alifungwa, na kwa miaka mingi sikujiuliza alitoka lini wala alielekea wapi. Kabla hujauliza: hapana, huyu siye. Huyu mwaka 2004 alikuwa mtoto wa shule kwao Rungwe.

Unakumbuka maboksi yaliyokuwa yanajaa sebuleni kila Pasaka? Sabuni za mche, dawa ya meno, kandambili, mafuta ya kupaka. Sisi akina mama wa ushirika wa kanisani tuliyapeleka Gereza la Ruanda, tukaimba, mchungaji akaomba, tukarudi nje kupiga picha, na saa nane kila mtu yuko kwake anapika. Andiko la "nilikuwa kifungoni, mkanijia" tulilijua kwa kichwa. Mstari ulio juu yake tu, ule wa mgeni kukaribishwa, tulikuwa tunausoma kama unahusu watu wengine kabisa.

Siku moja, mwaka 2021, nilikuwa kwenye daladala natoka Mwanjelwa. Akapanda kijana ana mfuko wa rambo mkononi, akamwuliza konda magari ya Tukuyu siku hizi yanapaki wapi. Nilimjua. Alikuwa anaimba besi kwenye kwaya ya wafungwa, Pasaka mbili mfululizo nimempa mkono. Akaniangalia. Mimi nikageukia dirishani, nikajifanya nahesabu malori ya Tunduma mpaka nikashuka Uyole. Ndani nilimpa sabuni na kumwita mwanangu. Nje sikumpa hata salamu. Hilo sijawahi kumwambia mtu zaidi ya marehemu baba yako, naye alinyamaza, na unajua kunyamaza kwake kulivyokuwa.

Ndivyo jambo hili la kuwapokea wanaotoka gerezani lilivyoanza. Halikuanza kwa maono.

Huyu wa sasa mimi namwita Fundi, ingawa majirani bado wanasema "yule wa Ruanda". Ulimwuliza mdogo wako, ukidhani hataniambia, mbona mtu aliyehukumiwa miaka 9 ametoka baada ya 6. Hakutoroka. Sheria ya Magereza ya 1967 inampunguzia mfungwa mwenye nidhamu theluthi moja ya kifungo, na tisa kutoa tatu hata mjukuu wangu anaiweza. Wengine hutoka kwa msamaha wa Rais, ule wa Ibara ya 45 ya Katiba, ambao mara nyingi hutangazwa tarehe 26 Aprili au 9 Desemba. Tazama kalenda yako: 9 Desemba ni wiki mbili kabla hamjafika. Ndiyo maana nashindwa kukuahidi chumba kitupu.

Alitoka Machi akiwa na karatasi yake ya kuachiliwa, shati lenye mikunjo ya tangu 2018, na namba ya simu ya mkewe kichwani. Tuliipiga, ikapokelewa na mwanamume wa Shinyanga. Laini yake mwenyewe ilizimwa akiwa ndani, maana Januari 2020 ndipo walipoanza kuzifunga laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole. Kusajili mpya kunataka namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. NIDA wanataka barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa, wala simlaumu, akaniuliza: "Mama, huyu ni mkazi wangu tangu lini?" Na bila laini hakuna fundi anayelipwa siku hizi; mteja anakwambia nakutumia kwenye simu, ukisema huna simu anakuangalia kama mzimu. Nilikwenda kwa mwenyekiti mara nne. Mara ya tano nilibeba kitambaa changu cha kufuma, nikakaa kwenye benchi lake tangu asubuhi mpaka aliponiona kero, akaandika: anaishi kwa mama huyu, nyumba namba fulani.

Mwanangu, ile nyumba namba fulani ndicho chumba cha uani. Wewe unakiona ni mahali mtu analala. Kwake yeye ni anwani. Nguo anaweza kupewa na yeyote, chakula vilevile, na maombi tunayo ya kumwaga. Anwani hawezi kupewa ila na mtu aliye tayari kuulizwa habari zake na polisi.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu, kwangu kuliko kwake nadhani. Saa kumi jioni, jua bado linawaka, alikuwa anaingia chumbani mwenyewe na kufunga mlango, kwa sababu huko ndani saa hizo watu wameshahesabiwa na kufungiwa. Siku mtendaji wa kata alipopita kuuliza mambo ya taka, Fundi alichuchumaa palepale uani, mikono juu ya magoti. Mtendaji akadhani anamkejeli. Nikamwambia Fundi ainuke, akainuka, akaenda kuranda ubao uliokuwa umesharandwa.

Sasa nikuambie na yale ambayo kanisani hatuyasemi kwa sauti. Mgeni wetu wa kwanza, 2022, alitupiga. Jumatano, wakati wa mazoezi ya kwaya, aliondoka na randa mbili, msumeno na drili ya mzee mmoja wa kanisa, na hatukumwona tena. Kwenye kikao yule mzee alisema tumefuga chui kwa maziwa ya watoto. Mpaka leo nikimsikia mtu anatoa ushuhuda jinsi huduma hii inavyobadilisha maisha, bila kumgusia yule wa drili, huinama nikatafuta peremende kwenye mkoba. Lakini nikikumbuka tulivyompokea, nasi tulikuwa wajinga. Tulimpa blanketi, Biblia na sanduku la zana siku moja, tukamshangilia, halafu tukamwacha wiki tatu bila mtu kwenda kumwuliza kama ana unga. Siku hizi kila mgeni ana watu wawili wa kumfuatilia. Zana zinaandikwa kwenye daftari, zinatoka asubuhi na kurudi jioni. Mmoja aliyefuata alikuwa Mwislamu. Imamu wa msikiti wa jirani alikuja kumwona, akaleta mchele, tukagawana zamu za kumtembelea, na nakuhakikishia zamu zao hazikukosewa kama zetu.

Kazi kubwa lakini si hapa Uyole. Iko kwao. Wazee wawili wa ushirika walikwenda kijijini kwa ndugu zake mara tatu. Mara ya kwanza hawakupewa hata kigoda, kaka mtu akaongea nao akiwa amesimama mlangoni. Unajua shamba la Fundi, migomba na kahawa, limelimwa na nani miaka yote hii. Mara ya pili wakapewa maji. Mara ya tatu wakapikiwa ndizi, na kaka akasema kipande cha chini atakirudisha baada ya mavuno. Kipande cha juu, chenye kahawa, hakukitaja, na wazee wakaona wasikitaje siku hiyo.

Mwenye duka ambalo Fundi alifungwa kwa kulivunja walimwendea pia. Huyo hakutaka maneno mengi. Alisema alishindwa kulipa ada ya binti yake mwaka ule, binti akaacha shule, na hakuna atakayemrudishia mwaka huo. Akasema: "Aje kwao, mimi si Mungu. Ila asipite mbele ya duka langu." Mchungaji alitamani arudi tena kumsihi amsamehe kabisa, wapeane mikono kanisani. Nilikataa, na baadhi ya wenzangu walininunia. Huyo baba ameshatoa alichonacho. Fundi alipokwenda kwao Julai alipita njia ya mtoni, mzunguko wa nusu saa, na ndivyo atakavyopita akihamia huko. Elfu kumi kila mwezi anaipeleka kwa huyo baba kupitia kwa mzee mmoja. Nusu ya miezi inapokelewa, nusu inarudishwa.

Turudi kwako. Nina masharti yangu, na nilikuwa nayo kabla hujauliza. Aliyefungwa kwa kosa la kumdhuru mtoto halali kwenye nyumba inayofikiwa na watoto. Huyo ushirika unampangia chumba pengine na anaangaliwa na wanaume. Mwenyekiti wa mtaa anajua jina la kila anayelala kwangu. Mlango wa jikoni kwenda uani una komeo upande wetu. Watoto watalala kitandani kwangu, wewe chumba chako cha zamani. Fundi atakuja kuwasalimia wakiwa na wewe, na wakimwita mjomba au wasipomwita ni shauri lako, wewe ndiye mama yao.

Na ukiona bado huwezi, sema. Shangazi yako wa Iyunga nimeshamdokeza, atawapokea, nami nitakuja kushinda kwake Krismasi nzima na kuku wangu. Sitakununia. Hofu ya mtu aliyelala uvunguni siwezi kuiamuru itoke kwa sababu mimi nimeanza huduma.

Kuna jambo moja nilitaka kukuficha, ila naona ulijue. Mwezi wa sita, kile kipindi cha baridi kali, nilimwomba Fundi atazame dirisha la sebuleni, lile lile, maana lilikuwa linapitisha upepo. Alilizunguka kwa nje, akalirudia, akakuna kichwa. Akasema kwa adabu sana, kama mtu anayemwambia mkwewe kwamba sketi imechanika nyuma: "Mama, samahani. Hizi bawaba zimefungwa kwa nje. Mtu na bisibisi moja, dakika mbili." Miaka 20, mwanangu! Baada ya wizi tulibadilisha kioo, tukapaka rangi, tukaweka pazia zito, na fundi tuliyemlipa hela nzuri akarudisha bawaba palepale. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alileta mbao za Mafinga, akatengeneza fremu mpya, bawaba zikaingia ndani, akaongeza nondo mbili. Halafu akazunguka nyumba yote akinionyesha pengine pa kurekebisha, na dirisha la chumba chako alianza nalo bila kuambiwa.

Limebaki la bafuni. Vitasa vya hapa Mwanjelwa vinapanda bei kila nikienda, kwa hiyo ukipita Kariakoo ninunulie viwili, vile vya chuma vizito, na tepu ya kupimia ya mita tano. Ya kwake imekatika kwenye sentimita 80 na anapima kwa kujumlisha. Nitakurudishia hela. Watoto wavae masweta tangu Makambako, msije mkanifikia na vifua.

Mama yako