Kalamu ya wino inakata katikati ya ukurasa

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Mbagala. Nilinunua kalamu ya wino ya Kichina pale Kariakoo kwa shilingi 8,000. Inaandika vizuri nusu ukurasa, kisha mstari unafifia mpaka inakata. Asubuhi hainiandikii mpaka niikung'ute. Nikisahihisha nayo, wino unasambaa kwenye madaftari ya wanafunzi na kutokeza upande wa pili. Ni mbovu? Ninunue ya bei kubwa?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Usiitupe, na hela yako iweke kwanza. Kalamu inayoandika vizuri nusu ukurasa, aghalabu nibu yake, ile ncha ya chuma inayoandika, ni nzima. Kinachokwama ni wino kufika mbele.

Chungulia chini ya nibu, utaona kipande cheusi chenye vijifereji na mapezi kama ya samaki. Mimi nakiita ulimi. Kinapeleka wino mbele na papo hapo kinarudisha hewa nyuma, kwa kuwa tone la wino halitoki bila hewa kuingia kushika nafasi yake. Lewis Waterman wa New York alipata hataza ya kalamu yenye mpango huo mwaka 1884, na hadi leo kalamu ya elfu nane na ya laki nane zinafuata kanuni ileile. Sasa, kalamu mpya za bei ndogo mara nyingi hutoka kiwandani na mabaki ya mafuta. Wino ni maji zaidi kuliko rangi. Ukikutana na mafuta unajikunyata. Ule uliojaa kwenye mapezi unakufikisha nusu ukurasa, na ukiisha, mwingine hauji upesi.

Ikikata tena, usiikung'ute. Ifungue uangalie konveta, kile kibomba cha kuvutia wino. Wino ukiwa umeng'ang'ania nyuma na mbele pana hewa tupu, umeshikwa na kuta za plastiki. Ukiwa mbele na bado kalamu haiandiki, ulimi umeziba. Kwa yote mawili anza na kuosha. Tia tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu (ya moto yatapinda plastiki), uvute na kusukuma kama mara ishirini, kisha suuza mpaka povu liishe. Kama maji yenu ni ya kisima chenye chumvi, kama mitaa mingi ya Dar, suuza mara ya mwisho kwa maji ya chupa. Isimamishe usiku kucha, nibu chini, juu ya tishu.

Ya asubuhi ni kifuniko. Kinyonye kikiwa kitupu: kikishika mdomoni, hakipitishi hewa; hewa ikipita, nibu inakauka ukiwa umelala. Tone la nta ya mshumaa ndani, kwenye ncha, huziba tundu. Lakini watengenezaji wengine huliacha makusudi ili mtoto akikimeza kifuniko apate kupumua, kwa hiyo kama nyumbani kuna wadogo, usilizibe. Na unaposahihisha, angalia mkono wako: unasoma jibu la mwanafunzi dakika nzima nibu ikiwa wazi, kisha unataka iandike vema papo hapo. Ifunike kila unapofungua daftari jingine.

Kusambaa kwa wino hakutibiki kwa kununua kalamu ghali. Karatasi ya daftari la kawaida ni nyepesi na inanyonya. Nibu nene huimwagia wino kuliko inavyoweza kubeba. Andalio la somo liandike kwenye karatasi ya rimu ya gramu 80 uone tofauti. Kwa madaftari, dawa ni nibu nyembamba. Ukija kununua nyingine, ningekushauri Platinum Preppy ya Japani yenye namba 02 au 03, yaani mstari wa milimita 0.2 au 0.3, na kifuniko chake kina kikombe cha ndani chenye springi kinachobana nibu isikauke. Ila inatumia katriji (vibomba vilivyojazwa wino tayari) na konveta za Platinum zenyewe, basi ulizia dukani kama zipo kabla hujalipa.

Naomba sana, usijaze wino wa muhuri. Nimeletewa kalamu nyingi zilizouawa hivyo. Wino wa muhuri hutiwa gliserini usikauke kwenye pedi, na karatasini nao haukauki. Wino mweusi wa wachoraji, wenye lakki (gundi kama ya vanishi), ni mbaya zaidi: ukikaukia kwenye ulimi hautoki kwa maji. Nunua chupa iliyoandikwa kuwa ni ya kalamu za wino. Wino mwingi wa aina hiyo huyeyuka ukilowa, hivyo ripoti za wanafunzi zijaze kwa peni ya kawaida.

Kwenye daladala ibebe nibu ikitazama juu, na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani. Hewa iliyo ndani ikipata joto hutanuka na kusukuma wino nje, hasa konveta ikiwa nusu.

Ioshe leo jioni, ijaze kesho. Ikikata tena, niandikie umeukuta wino wapi, mbele au nyuma ya konveta, nami nitajua pa kuanzia.