Karume bado inalipa

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kuhangaika na mtumba wa soko la Karume hapa Dar es Salaam wakati Kariakoo shati jipya linapatikana kwa bei poa. Haja ipo, tena kubwa! Wahi asubuhi belo, yaani furushi la mitumba, linapofunguliwa, maana vile vya gredi ya kwanza wenye maduka huvibeba mapema. Bei saa hizo iko juu. Jioni masalia humwagwa chini kwa bei ya kutupa, na mimi raha yangu ni kuchambua humo.

Usikimbilie nembo. Igeuze nguo ndani nje, tazama mshono kama umekunjwa vizuri na nyuzi hazining'inii. Kagua kwapa na kola, inyanyue kwenye mwanga uone vitundu, vuta zipu mpaka mwisho. Koti la sufu lenye bitana nzima likikukaa mabegani, lichukue hata kama linapwaya kiunoni. Fundi cherehani atalibana ubavuni. Mabega yakizidi, liache, kuyarekebisha ni gharama kuliko koti lenyewe.

Fua kabla ya kuvaa. Pamba inavumilia maji ya moto, ila sufu ioshe kwa maji baridi, la sivyo itasinyaa.