Mzee wa Matope Anajibu: Ghala, Akiba na Spana Iliyozama

Kwa wasomaji wapya: miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kuchanganya tope la kuchimbia visima vya mafuta kule Muanda, kwenye pwani ya Atlantiki. Leo nafuga kuku hapa Keshero, Goma, na barua zenu huzisoma jioni kuku wakishalala.

*Jambo sana Mzee. Kijana wangu amesoma kwenye simu kwamba chini ya bloki moja ya huku mashariki kuna "hifadhi ya mapipa bilioni". Mimi ni mwashi. Je, kuna ziwa la mafuta huko chini, mtu akitoboa anateka tu? Na kama ni mengi hivyo, mbona hatuoni kitu?*
*Fundi mwashi, Ndosho*

Jambo Fundi. Jibu umelishika mkononi kila siku. Kesho ukiwa kazini, okota jiwe jeusi la volkano, lile jepesi lenye matundu kama mkate. Ziwa la mafuta hakuna. Mafuta hukaa ndani ya vitundu vya mwamba, vingi vidogo kiasi kwamba jicho halivioni, kama maji yanavyokaa ndani ya mchanga uliolowa. Mwamba wa mchanga ulio mzuri sana, ukiugawa sehemu 100, sehemu 20 au 25 ndizo vitundu. Zilizobaki ni jiwe kavu. Wataalamu huita jambo hilo porositi. Mimi husema uwazi wa mwamba.

Sasa lipasue jiwe lako ulimwagie maji. Vitundu vilivyo wazi vitajaa, lakini utakuta vingi havifikiani, kila kimoja kimejifungia kama chumba kisicho na mlango. Basi mwamba unaweza kuwa na uwazi mwingi na usikupe hata kikombe. Kinachotakiwa ni milango. Hiyo ndiyo permeabiliti, yaani upitishaji, na kipimo chake ni darsi, kutokana na jina la Henry Darcy, injinia wa mji wa Dijon, Ufaransa. Mwaka 1856 alichapisha majaribio yake ya kupitisha maji kwenye mchanga. Mafuta hayakuwa akilini mwake kabisa. Alikuwa mtu wa kuwaletea watu wa mji wake maji safi.

Mafuta yenyewe hayazaliwi mahali yanapokutwa. Yanapikwa kwa joto ndani ya mwamba mama, wenye mabaki ya vijidudu vya kale, halafu yanapanda polepole hadi yakwame chini ya mwamba usiopitisha, tuuite kifuniko. Pale yalipokwama ndipo ghala. Kikikosekana kimoja tu kati ya hivyo vitatu, unachimba bure.

Nimesema ghala kwa makusudi. Hilo neno "hifadhi" linanikera. Parki ya wanyama ni hifadhi, mwamba wenye mafuta ni hifadhi, na mafuta yanayotazamiwa kutolewa nayo ni hifadhi! Nimewahi kusoma sentensi inayosema hifadhi imo ndani ya hifadhi. Msomaji gani ataelewa? Mimi natenganisha hivi: mwamba ni ghala, mafuta yote yaliyomo ghalani ni yaliyomo, na yale tu yanayoweza kutolewa yakauzwa kwa faida ni akiba. Kati ya yaliyomo na akiba kuna shimo kubwa, kwa sababu wastani wa dunia ni kutoa kama theluthi moja. Mengine yanabaki yamenata kwenye vitundu, hata baada ya kusukumwa kwa maji. Na akiba yenyewe ina madaraja: ile iliyothibitishwa, ambayo uwezekano wa kuipata au kuizidi ni angalau 90 kwa 100, halafu ya 50, halafu ya 10, ambayo mimi naiita akiba ya wenye matumaini. Bei ya mafuta ikianguka, akiba inapungua na hakuna hata tone lililotoka.

Pale ambapo kisima cha kutafuta hakijachimbwa, hakuna akiba ya daraja lolote. Kuna makisio tu. Julai 2022 serikali yetu ya Kongo ilifungua mnada wa bloki 27 za mafuta na 3 za gesi ya Ziwa Kivu. Oktoba 2024 mnada wa zile 27 ukafutwa. Bloki ni mistari kwenye ramani, Fundi. Anayeinunua ananunua ruhusa ya kutafuta. Basi kijana akirudi na mapipa yake bilioni, muulize: hayo ni yaliyomo, ni akiba, au ni makisio? Akishindwa kujibu, mpe mwiko akusaidie kazi.

*Mzee, pipa la mafuta linalotajwa redioni ni lile la chuma la Birere, hapa Goma?*
*Msomaji, Katindo*

Hapana. La Birere ni la lita 200 hivi. La redioni ni kipimo tu cha lita 159, walichokubaliana wachimbaji wa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1866. Siku hizi mafuta yanapita kwenye mabomba na meli. Hayatiwi kwenye pipa lolote.

*Jambo Mzee. Nasoma jiolojia Bukavu. Katika masomo ya uchimbaji nakutana na "kuvua", "kuua kisima" na "mti wa Noeli". Je, ni mzaha wa mafundi au ni maneno ya kweli?*
*Mwanafunzi, Kadutu*

Ni ya kweli, mwanangu, na la kwanza nililijua kwa aibu. Mwaka wangu wa pili, saa tisa usiku, spana ilinitoka mkononi ikaingia kwenye mdomo wa kisima. Niliisikia ikigonga mara mbili, kisha kimya. Keekee ya kuchimbia haiwezi kuendelea juu ya chuma, inang'oka meno. Ilibidi tupandishe mabomba yote, kipande kwa kipande, tushushe sumaku, tupandishe tena mikono mitupu, tushushe tena. Siku nzima na usiku wake. Huko ndiko kuvua, na kitu kilichopotea huitwa samaki. Samaki wangu alitoka na alama za kugongwa pande zote. Mkuu wa zamu alinikabidhi bila kusema neno, na ukimya wake uliniuma kuliko matusi. Ninayo mpaka leo. Inazuia mlango wa banda la kuku.

Kuua kisima ni kazi ya tope, kwa hiyo hapo nitakaa kidogo. Usidhani ni tope la njiani baada ya mvua. Ni udongo laini uitwao bentonaiti, maji, na unga wa baraiti wenye uzito zaidi ya mara nne ya maji. Linashuka ndani ya mabomba, linatokea kwenye keekee, linapanda kando likibeba vipande vya mwamba. Linapoza keekee pia. Lakini kazi yake kubwa ni uzito. Maji matupu ya kina cha meta 2,000 yanakandamiza mara 200 hivi ya hewa tunayovuta; mafuta na gesi kwenye ghala navyo vinasukuma kwenda juu. Tope likiwa jepesi, gesi inaingia kisimani. Likizidi uzito, linapasua mwamba na kupotelea humo. Mchanganya tope anaishi katikati ya hayo mawili.

Gesi ikiingia, Wafaransa husema imekuja. Sisi tuliotoka Kivu tulisema "mgeni amefika". Dalili tuliyoitazama kuliko zote ilikuwa tangi la tope: linalorudi linazidi linaloshuka. Hapo pampu zinasimamishwa, vali kubwa za mdomoni zinafungwa, mgeni anatolewa taratibu, na tope zito linashushwa mpaka kisima kitulie. Ndiyo kuuawa. Tarehe 20 Aprili 2010, kwenye kisima cha Macondo katika Ghuba ya Mexico, dalili zilipita bila kueleweka kwa wakati na zile vali hazikufunga kisima. Watu 11 walikufa, na mafuta yalimwagika baharini siku 87. Mimi sikuwahi kumdharau mgeni hata alipokuwa wa lita chache.

Mti wa Noeli ni ule mkusanyiko wa vali unaowekwa juu ya kisima kilichokwisha kuchimbwa, ili kuongoza na kufunga kinachotoka. Ukiutazama kwa mbali una matawi. Mapambo hauna.

*Jambo Papa. Wanasema gesi ya Ziwa Kivu itachimbwa tupikie. Je, ndiyo hiyo hiyo mazuku inayoua watu? Na mimi muuza makala, yaani mkaa, nitakula nini?*
*Mama wa Kituku*

Jambo Mama. Ziwani zimo gesi mbili, zote zimeyeyuka kwenye maji ya chini kama gesi ndani ya chupa ya bia ya Primus. Ya kupikia na kutoa umeme ni methani, kama kilometa za ujazo 60. Nyingine ni kaboni dayoksaidi, kama 300, na hiyo haiwaki. Mazuku ni hiyo ya pili, ila inatoka ardhini, si ziwani. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Mtoto mfupi anaivuta kabla ya mama yake. Watoto wasitumwe huko asubuhi mapema.

Kuchimba pia si neno lake. Hakuna keekee: bomba linashushwa mamia ya meta, maji yakipanda yanatoa povu na kujisukuma yenyewe, gesi inatengwa, na maji yanarudishwa chini ili tabaka za ziwa zisivurugike. Rwanda wanafanya hivyo Karongi tangu 2016, megawati 26. Ni umeme, Mama, si mitungi ya jikoni. Mfuko wako wa makala bado una wateja, na mimi ni mmojawapo.